Swali la Kanuni Liulizwe Kabla ya Dadu Kurushwa

Ugomvi mwingi wa kanuni unaozuka katikati ya pambano la Dungeons & Dragons huwa ulipandwa siku mhusika alipoundwa. Mchezaji hujifungia peke yake na vitabu, akaoanisha uwezo wa ukurasa huu na hila ya kitabu kile, akapata tafsiri inayompendeza, kisha akanyamaza nayo mpaka joka litokee. Hapo ndipo msimamizi wa mchezo anaposhtuka na hadithi inasimama, huku watu wakibishana juu ya mkato mmoja katika sentensi. Rai yangu ni kwamba mhusika akamilishwe mbele ya msimamizi na wachezaji wenzake, na kila kanuni yenye utata ijadiliwe kabla hadithi haijaanza.

Hivyo ndivyo mchezo wenyewe ulivyozaliwa. Katika toleo la 1974 la Gary Gygax na Dave Arneson, kitabu kilimtaka msimamizi ndiye arushe dadu tatu kwa kila sifa ya mhusika, na mchezaji akachagua kuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Toleo la tatu, la 2000, lilifungua milango: vipaji vya ziada vikawa vingi, na mhusika akaruhusiwa kuchanganya fani kila anapopanda ngazi. Toleo la tano, la 2014, liliweka pia njia ya kununua sifa kwa pointi 27 bila kugusa dadu. Uhuru huo nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini kitabu hichohicho kinasema wazi kwamba vipaji na kuchanganya fani ni kanuni za hiari, zitumike msimamizi akiridhia, na ridhaa hiyo haina maana ikiombwa baada ya mhusika kukamilika.

Tazama mfano ambao wachezaji wa toleo hilo wanaujua vizuri. Mchawi aliyefunga mkataba na nguvu za ulimwengu mwingine hurudishiwa akiba yake ya uchawi kila anapopumzika saa moja. Mchawi wa kuzaliwa naye anaweza kugeuza akiba kuwa pointi, na pointi kuwa akiba mpya ambayo hufutika tu amalizapo pumziko refu la saa nane. Waunganishe wawili hawa ndani ya mhusika mmoja asiyelala, na kwa hesabu ya kitabu akiba yake itaongezeka siku hadi siku. Mwaka 2017, Xanathar's Guide to Everything kilileta kanuni ya uchovu kwa anayepitisha saa 24 bila pumziko refu, lakini nayo hutegemea msimamizi aamue kuitumia. Swali hili likiulizwa siku ya kwanza linajibiwa kwa dakika chache. Msimamizi anaweza kukubali, kukataa, au kutaja bei: huyo aliyempa mchawi mkataba atadai nini kwa nguvu zinazochotwa usiku kucha? Jibu la namna hiyo linaizalia kampeni mkasa mzima.

Wapo watakaosema kilichoandikwa kimeandikwa, na kwamba kumwachia msimamizi neno la mwisho ni kumfanya mfalme. Hofu hiyo ina msingi. Ila mamlaka yake huumiza zaidi yakitumika ghafla, wakati mchezaji ameshamlea mhusika wake kwa miezi. Uamuzi uliotolewa mapema unamfunga msimamizi pia, kwa kuwa wote waliusikia. Tena maandishi peke yake hayatoshi: mwongozo wa msimamizi wa 2024 unaeleza kwamba kanuni si sheria za fizikia, na unakataa hoja kwamba mstari wa watu wa kawaida wanaopokezana mkuki unaweza kuurusha kwa kasi ya mwanga. Wengine watatetea raha ya kuunda mhusika peke yao, nami naiheshimu. Waje mezani na rasimu. Na anayetaka kushangaza, amshangaze adui ndani ya hadithi. Msimamizi anahitaji kujua mapema, kwa sababu ndiye atakayepima joka lenye nguvu zinazolingana na kundi zima, akiwemo yule mchezaji wa pembeni ambaye mhusika wake hana hila yoyote.