Tofali la kufungamana: nani analikwamisha?

Na Mwandishi Wetu, Darsait, Maskati

Kila yanapozungumzwa maendeleo ya ujenzi huko nyumbani, wakubwa hupenda kusema kuwa wananchi hawataki mabadiliko. Mimi sikubali. Seyyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 alisimamisha nguzo za chuma, kitu kigeni kabisa Unguja, na hatujasikia kuwa kuna aliyekataa kuingia ndani.

Chukua tofali la kufungamana, lile la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine. Halichomwi kwa kuni, na ukuta wake hupanda bila ya udongo wa saruji baina ya tofali na tofali. Tanzania ina kitengo cha utafiti wa majengo tangu 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Utafiti upo, mashine zipo. Udongo unaofaa haupatikani kila mahali, nakubali, ndiyo maana hupimwa kwanza. Lakini hata unapopatikana, watu wanafuata mchanga, na Unguja mchanga umekuwa haba hadi Serikali ikaingia kudhibiti uchimbaji.

Kizuizi kikubwa ni namna tunavyotumia fedha, na hapa nasema nasi wenyewe tulioko Darsait, Ruwi na kwengineko. Sisi tunajenga kwa mafungu. Mwezi huu unatuma riali 50, unaletewa picha ya matofali yamepangwa uani. Mwakani, Inshaallah, linta. Tofali la saruji linakubali mtindo huo, maana linanunuliwa kidogo kidogo na linahesabika kwenye simu. La kufungamana linataka mashine ikodiwe, matofali yafunikwe na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa, na msingi uwe sawa kabisa kwani hakuna pa kuficha kosa. Hizo ni pesa za pamoja, na msimamizi awepo pale pale. Mtu aliyeko Maskati atamwamini nani?

Fundi naye hupatana kwa kazi nzima. Siku za kujifunza halipwi, na tofali likipasuka lawama ni zake. Halafu kuna aibu: nyumba ya udongo, ukiipa jina lolote, wengi huiona ya kimasikini. Ghorofa la Kariakoo lililoanguka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20 halikuwa la udongo.

Serikali hujenga skuli kila mwaka. Ijenge moja kila wilaya kwa tofali hili, fundi alipwe huku anajifunza, na gharama zibandikwe ukutani wazee wa watoto wazisome. Nasi huku upatu tunaucheza kila mwezi. Watu kumi wa kijiji kimoja wakitoa zamu ya kwanza kwa kukodi mashine na kumlipa msimamizi mmoja, nyumba kumi zinaweza kupanda kwa msimu mmoja.