Nyimbo Ziko Mtandaoni, Majina Yako Wapi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia barazani, simu mkononi, akanisikilizisha wimbo wa taarabu ya kale. Sauti ilikuwa na mikwaruzo ya santuri, udi ukilia mbele na fidla ikiufuata. Akaniuliza, "Ustadh, huyu ni nani?" Nikakitazama kioo cha simu. Pameandikwa "Taarab ya zamani, Zanzibar." Basi! Jina la mwimbaji hapana, la mpigaji hapana, na la mtungaji ndiyo kabisa hapana. Wala hiyo Unguja yenyewe si kweli, kwani Kiswahili kilichoimbwa mle kilikuwa Kimvita kitupu: mwimbaji asema "mato", hasemi "macho".

Wapenzi wasomaji, zamani mtu akitaka kuujua muziki wa Afrika ilimbidi awe na jamaa mwenye sanduku la santuri, au asubiri saa ya salamu redioni. Sisi tuliokulia kwenye kaseti miaka ya 1980 twakumbuka ukanda ulivyokuwa ukikatika, nawe ukauunga kwa rangi ya kucha ya dada yako. Leo hayo yamekwisha. Nyimbo za Guinea, za Mali, za Kongo na za hapa kwetu Pwani zimejaa mtandaoni, bure au kwa malipo kidogo. Shida si kupata tena. Shida ni kujua ulichokipata.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema kwamba maneno hupimwa kwa sanadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Maneno yasiyo na sanadi huwezi kuyategemea, hata yakiwa matamu vipi. Na nyimbo nyingi za mtandaoni leo ni tamu zisizo na sanadi.

Tazama tofauti. Mwingereza Hugh Tracey, ambaye alizunguka sehemu nyingi za bara hili na mashine yake ya kurekodia, alifika Kenya mwaka 1950. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, Afrika Kusini, na orodha yake hupatikana mtandaoni. Mtu aweza kumlaumu Tracey kwa mengi, maana aliyachukua ya watu katika zama za ukoloni. Lakini aliandika. Kila wimbo ulikuwa na kadi yake: mahali, kabila, ala, na aghalabu jina la mwenye kuimba. Ndiyo sababu mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, waliweza kurudi Kenya na nakala za nyimbo hizo, wakawatafuta walioimba au jamaa zao na kuwakabidhi. Bila ya kadi zile wangalimtafuta nani?

Sasa njoo kwetu Mombasa. Hapa hatukurekodiwa na watafiti pekee. Tulikuwa na biashara yetu wenyewe. Santuri za Mzuri, zilizotolewa na duka la Assanand hapa mjini, zilibeba sauti za kina Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh. Katikati ya santuri palikuwa na kibandiko chenye jina la wimbo, la mwimbaji na nambari. Mtu akiutia wimbo mtandaoni bila ya picha ya kibandiko kile, amekata sanadi kwa mkono wake. Hata makampuni yenye adabu hayanusuriki. Mfululizo wa Zanzibara, ambao toleo lake la pili la mwaka 2005 ni la taarabu ya Mombasa, ulitolewa katika diski pamoja na kijitabu cha maelezo. Nyimbo zikasafiri hadi kwenye simu. Kijitabu aghalabu kikabaki nyuma.

Anayepotea kwanza ni malenga. Mwimbaji angalau sauti yake yatambulikana. Lakini nani ajuaye kwa kusikia tu kwamba nyimbo kadhaa za Juma Bhalo zilikuwa tungo za jamaa yake, Ahmad Nassir, yule wa diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971? Hili si jambo la sifa peke yake, lina na fedha ndani yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa kurekodiwa. Kwa hivyo santuri ya mwaka 1968 ulinzi wake ulimalizika mwisho wa 2018, na wengi hudhani kwamba tangu hapo wimbo ni mali ya kila mtu. Sivyo. Utungo hulindwa uhai wote wa mtungaji na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Malenga aliyefariki 1995, haki ya warithi wake ni hadi mwisho wa 2045. Lakini warithi hao watadai vipi, ikiwa jina la baba yao halimo?

Kwa anayetafuta, nina neno moja au mawili ya msaada. Usiandike jina kwa namna moja. Andika Bhalo, kisha Balo. Andika Zein l'Abdin, kisha Labdin, kisha Alabdin. Andika taarab, tarab na taarabu. Ukikosa, tafuta kwa maneno ya kwanza ya wimbo, au kwa nambari ya santuri ukiwa nayo. Na ukipata kitu cha thamani, andika daftarini ulikipata wapi na lini. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilivamiwa na wezi wa mitandao, na maelfu ya sauti zilizokuwa zikisikilizwa kwenye tovuti yake zikawa hazipatikani kwa muda mrefu.

Ama yule kijana, nilimpeleka kwa mzee mmoja Kibokoni aliyekuwa akipiga fidla zamani. Mzee aliisikiliza ile simu sekunde kumi hivi, akacheka, akataja mwimbaji, mpiga udi na mtungaji, kisha akaongeza kwamba mpiga ngoma alichelewa siku ile na wakamsubiri hadi alasiri. Kijana aliyaandika yote. Tangu hapo huenda kwake kila Jumamosi, na mpaka juzi walikuwa wamefikia nyimbo 11.