Siku Tisa Bila Miwani

Mpenzi msomaji, leo nina jambo la kuungama, na heri nilitoe mapema kabla ukurasa huu haujafungiwa mandazi. Kwa muda wa miaka kumi na miwili sasa nimekuwa nikiisoma Biblia yote kila mwaka, toka Mwanzo hadi Ufunuo. Ninasoma sura tatu kila siku, na tano siku ya Jumapili. Wenye hesabu watajua kwamba Biblia ina sura 1,189, na kwa mpango huo mtu huimaliza mwaka ukielekea ukingoni na hata kubakiwa na siku mbili tatu za kupumzika. Nina kalenda ukutani ambayo mimi huitia alama ya kalamu nyekundu kila nimalizapo. Wageni wakija huiona, nami siifichi.

Sasa sikia. Katika miaka minne ya mwisho ya hiyo kumi na miwili, sikuwa nikisemezana na ndugu yangu wa tumbo moja.

Hatukupigana wala hatukushtakiana kwa chifu. Mashamba yetu yako kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, langu juu na lake chini, kama marehemu baba alivyotugawia. Mwaka huo nilichimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa shamba langu, nikauelekeza mdomo wake mahali paliponifaa mimi. Mvua ya Novemba ilipokuja na fujo zake, maji yote yakateremkia kwa ndugu yangu na kuchimba korongo katikati ya mahindi yake. Akapanda kwangu asubuhi akiwa na matope hadi magotini, akanieleza. Mimi nikamjibu kwamba maji hayana mwenyewe. Aligeuka akaenda zake. Tangu siku hiyo tulikuwa tukikutana kanisani tukisalimiana kama abiria wawili wasiojuana, hujambo, sijambo, basi.

Katika miaka hiyo nilipita kila mwaka mbele ya Mahubiri ya Mlimani bila kujikwaa hata kidole. Kalamu nyekundu iliendelea na kazi yake.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, siku ambazo msomaji wa mpango wangu hutoka katika manabii na kuingia kwa Mathayo. Asubuhi nilisoma sura ya tano, ya sita na ya saba, nikatia alama, nikapanda matatu kwenda mjini Machakos. Humo ndani niliikalia miwani yangu. Sauti niliisikia, lakini nilidhani ni biskuti ya mtoto wa jirani. Duka la miwani wakaniambia vioo vya namba yangu ni lazima viagizwe, nirudi baada ya siku tisa.

Mke wangu alikuwa Mombasa kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Nikabaki peke yangu na Biblia nisiyoweza kuisoma. (Najua, simu hizi za leo zaweza kumsomea mtu kwa sauti. Mjukuu wangu alinieleza hayo siku ya kumi.) Nilichokuwa nacho ni mabaki tu ya yale niliyosoma siku ya miwani kuvunjika, na hata hayo si mengi. Katika sura tatu nzima lilikuwa limenasa jambo moja: yule mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka habari ya ndugu yake, akaambiwa aiache sadaka hapo hapo aende wakapatane kwanza. Ni Mathayo 5, aya ya 23 na ya 24.

Kwa kuwa sikuwa na jingine, nikalishika hilo. Na hapo ndipo nilipomkumbuka mwaitu, yaani mama yangu.

Mwaitu hakujua kusoma. Sisi Wakamba tulipata Neno katika lugha yetu kidogo kidogo. Johann Ludwig Krapf, yule Mjerumani aliyefika Ukambani mwaka wa 1849, aliichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka wa 1850. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka wa 1895, na kabla ya mwaka wa 1896 kwisha alikuwa amezikwa huko huko kwa homa. Agano Jipya lote lilitoka mwaka wa 1920, na Biblia nzima ikangoja hadi 1956. Mwaitu alikuwa ameshaolewa na ana watoto wakati Musa na Daudi walipoanza kusema Kikamba. Tena hata walipoanza, kitabu kilikuwa kimoja kijiji kizima, nacho kilikaa kwa mzee wa kanisa.

Kwa hiyo siku ya Jumapili alisikiliza. Alichukua maneno machache, pengine sentensi moja, akaondoka nayo kama mtu aliyepewa kaa la moto kwa jirani. Jumatatu alikuwa akiisema akilima, Jumanne akiisema njiani kwenda mtoni, mtungi mgongoni na kamba kichwani. Hakuisema kwa sauti ya kuhubiri, aliinong'ona tu, akiigeuza huku na huku. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka. Kaka yetu mkubwa alizoea kusema kwamba mwaitu anacheua kama ng'ombe.

Kaka alisema kweli kuliko alivyojua. Ng'ombe malishoni hula haraka haraka, hameza bila kutafuna sawasawa. Baadaye hulala kivulini, akairudisha nyasi ile ile mdomoni na kuitafuna upya, na kazi hiyo yaweza kumchukua saa nane kwa siku. Ukimnyima nafasi ya kucheua, hata umpe majani ya zizi zima, utakamua vikombe viwili. Sura zangu tatu za asubuhi zilikuwa malisho mazuri sana. Ila mimi nilikuwa ng'ombe wa kula na kukimbia.

Wataalamu wa Kiebrania wanatueleza kwamba neno tulilozoea kulisoma kama kutafakari, katika Yoshua 1:8 na katika Zaburi ya kwanza, asili yake ni kunguruma au kunong'ona. Neno hilo hilo Isaya amelitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, na tena kwa njiwa anayelia. Ndiyo sababu Yoshua aliagizwa kwamba kitabu cha torati kisiondoke kinywani mwake. Mimi nilikuwa nikidhani kutafakari ni kazi ya kichwa peke yake, ukae kimya, ufumbe macho, utulie. Kumbe mdomo nao una sehemu yake. Ile Zaburi ya 119 yenye aya 176 imepangwa kwa mafungu 22 kufuata herufi za Kiebrania, aya nane nane kwa kila herufi. Mpango wa namna hiyo humfaa sana mtu anayekwenda njiani bila kitabu mkononi.

Basi nikawa mwanafunzi wa mwaitu, miaka mingi baada ya kumzika. Nikilisha kuku, yule mtu na sadaka yake yuko. Nikienda dukani, yuko. Siku mbili za kwanza hapakutokea jambo, ila niligundua kitu kilichonitia aibu. Kila nilipotaka kukaa na aya yangu, mawazo yalikuwa yakiondoka na kwenda mahali pengine walipopazoea. Yalikwenda asubuhi ile ya matope. Nilikuwa naikumbuka kila sentensi aliyoisema ndugu yangu, na sauti aliyoisema nayo, na jinsi alivyonyosha kidole. Ningeweza kuyakariri yote bila kukosea. Miaka minne nilikuwa nimeyanong'ona kitandani, nikiyageuza huku na huku, na kila usiku nikiongeza jibu kali zaidi ambalo ningalimpa.

Mpenzi msomaji, mtu asije akakuambia kwamba hajui kutafakari. Muulize amekosana na nani.

Ilikuwa siku ya nne, nikiwa nimesimama kwenye tuta la shamba langu, nilipolisikia neno ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka yote hiyo. Siku zote nilidhani yule mtu madhabahuni anakumbuka kwamba yeye ana kinyongo na ndugu yake. Mimi sikuwa na kinyongo, au hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa hiyo maneno hayo hayakuwa yangu, yalikuwa ya wale wenye vinyongo. Lakini aya haisemi hivyo. Yasema kwamba ndugu ndiye mwenye neno juu yake. Anayetakiwa kuacha sadaka na kuondoka ni yule anayelalamikiwa, hata kama moyo wake mwenyewe umetulia tuli. Nilishuka kwenye tuta nikaketi juu ya jiwe.

Tena nilikuwa nimesimama kwenye tuta! Hapa sina budi kueleza kidogo kwa wasomaji wa mbali. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimekwanguka udongo hata maofisa wa serikali ya kikoloni wakaandika kwamba nchi hii inakwisha. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, hazikai sana, na zinyeshapo hunyesha kwa hasira. Maji hupiga mteremko mkavu yakakimbilia mtoni na udongo wote, kesho yake ardhi ni kavu kama jana. Serikali ikalazimisha watu kuchimba matuta, nao wakayachukia. Baadaye watu wenyewe wakayachukua kwa vikundi vyao vya mwethya, wakachimba ile aina tunayoiita fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi za nepia juu ya tuta. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu jambo hili, wakionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka kutoka kama 240,000 miaka ya 1930 hadi kama 1,400,000 mwaka wa 1990, na bado udongo ukawa katika hali bora kuliko zamani. Mvua haikuongezeka. Ni ile ile, ila sasa hukuta mahali pa kusimama kabla ya kuteremka.

Sura tatu kwa siku ni mvua nzuri. Mteremko wangu ndio uliokuwa mtupu.

Sisemi watu waache kusoma sura nyingi. Mimi mwenyewe nimerudia mpango wangu. Anayeshika aya moja tu maisha yake yote, bila kujua ilisemwa na nani na kwa nani, ataigeuza hirizi, nasi tumewaona waliovunja nyumba zao kwa nusu ya aya. Lakini hata mtu wa kazi nyingi hana udhuru. George Müller, aliyelea mayatima kwa maelfu kule Bristol, Uingereza, ameandika kwamba mnamo mwaka wa 1841 aligundua kosa lake. Alikuwa akiamka na kuanza kuomba mara moja, na mawazo yakimtangatanga muda mrefu. Akabadili, akaanza kwa kulitafakari Neno kidogo kidogo hata moyo upate chakula, ndipo maombi yakafuata yenyewe. Na mama auzaye sukuma wiki sokoni hapa Machakos ana dakika nyingi za mikono kufanya kazi na akili kuzurura kuliko mchungaji mwenye mikutano.

Siku ya tisa ilikuwa Jumamosi. Miwani ilikuwa tayari mjini, lakini nilichukua jembe kwanza nikateremka kwa ndugu yangu. Moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimkuta uani akinoa panga. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, lakini ilinipotea, nikasema tu, "Ndugu yangu, yale maji yalikuwa yangu."

Akanoa panga muda mrefu. Kisha akauliza, "Umekuja peke yako, au umeleta wazee?"

"Niko peke yangu."

"Basi twende."

Hakunikaribisha chai. Tulipanda hadi kwenye mdomo wa mfereji, tukauziba kwa mawe na udongo, tukachimba mwingine kufuata usawa wa kilima hadi kwenye bonde lenye majani, mbali na shamba lake. Kazi hiyo ilituchukua hadi saa kumi. Katika muda wote huo alisema maneno machache mno, nayo yalihusu mawe. Sikumwambia habari za Mathayo. Nilihisi kwamba siku hiyo hazikuwa zake, zilikuwa zangu. Ila jioni mke wake alipotuletea maji ya kunawa, yeye alinawa baada yangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa, na hilo hakuwa amelifanya kwa miaka minne.

Mvua ilikuja juma la pili la Novemba. Usiku nilitoka na tochi kutazama, nikaona taa nyingine upande wa chini. Maji yalishika njia mpya. Korongo lake bado lipo, halifutiki kwa siku moja. Tumelijaza mawe na takataka za mahindi, amepanda nepia kingoni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alinijia pale chini ya miti tunaposimama wazee. Alinitazama usoni kitambo.

"Miwani hiyo ni mpya?"

"Ni mpya."

"Walikutoza ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema nimepunjwa.