Orodha ya Rubani Darasani

Walimu wengi hufundisha utungaji wa maelekezo kwa kumwamuru mtoto aeleze jinsi ya kupika ugali au kufua nguo. Mtoto huandika, mwalimu husahihisha tahajia, na daftari hufungwa. Hapana aliyepika, wala aliyejua kama maelekezo yale yangemfaa mtu. Maoni yangu ni kwamba somo hili lingepata uhai kama tungewapa watoto kazi ya kuandika orodha za ukaguzi wa ndege kwa ajili ya mchezo wa kuigiza urubani.

Kazi hiyo ipo kweli duniani. Wapenzi wa michezo ya urubani ya kompyuta, kama vile FlightGear, huziandikia ndege zao orodha: kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka, kabla ya kutua. Lakini chimbuko la orodha hizo si mchezo. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton, Marekani, ndege mpya ya Boeing, Model 299, ilipaa, ikapoteza mwendo na kuanguka. Watu wawili walikufa, mmoja wao Meja Ployer Hill, rubani mzoefu. Injini hazikuwa na kasoro. Kifungio kinachozuia usukani usitikiswe na upepo ndege ikiwa chini kilikuwa hakijafunguliwa. Marubani waliobaki hawakuomba mafunzo marefu zaidi. Walitunga orodha fupi ya mambo yasiyosahaulika. Baadaye zaidi ya ndege 12,000 za aina hiyo, zilizoitwa B-17, ziliundwa.

Watoto wa Kigoma na Ujiji hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mvuvi wa dagaa, kabla ya kusukuma chombo majini usiku wa giza, hukagua taa, nyavu, makasia na kopo la kukumbia maji. Akiwa katikati ya Ziwa Tanganyika, hawezi kurudi nyumbani kuchukua alichosahau. Mwalimu na aanzie hapo, kisha avuke kwenda uwanja wa ndege.

Tuchukue darasa la tano. Viti viwili vya mbele ni chumba cha rubani. Boksi limechorwa saa za mafuta na mwendo; usukani ni kijiti. Safari ni ya Kigoma hadi Tabora. Kundi la kwanza limeandika orodha. Kundi la pili litarusha ndege kwa orodha hiyo, na waandishi wamekatazwa kusema neno. Mmoja anasoma, mwenzake anagusa kitu chenyewe na kujibu. Kabla hawajaketi, mwalimu amekifunga kijiti kwa kamba kimya kimya. Ikiwa orodha haina mstari wa usukani, ndege itaruka nao umefungwa, na waandishi wataona wenyewe walichokiacha. Kalamu nyekundu ya mwalimu haitahitajika.

Faida ya lugha ni kubwa. Mtoto aliyeandika "Angalia mafuta vizuri" atagundua kwamba neno "vizuri" halimwambii rubani kitu. Jibu lazima litaje hali: mlango umefungwa, mikanda imefungwa, breki zimefungwa, mafuta yanatosha, usukani uko huru. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, nao unafundishwa kwa sababu unahitajika. Kwa watoto wanaozungumza Kiha nyumbani, zoezi hili lina thamani kuliko majedwali ya ngeli ubaoni.

Tena watoto wataandika mistari arobaini. Waacheni waisome yote kwa sauti, nao watachoka na kuanza kuruka mistari. Ndipo waulizwe: ni lipi likisahauliwa litaua? Hilo libaki.

Wapo watakaosema kwamba shule zetu nyingi hazina kompyuta. Ni kweli, lakini boksi, kijiti na kamba zipo. Wengine watasema kwamba orodha humfanya mtoto kasuku. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu yuko mtoto atakayejibu "uko huru" bila kugusa kijiti, na warubani wakubwa nao huweza kuteleza hivyo. Lakini ile kamba imewekwa kwa ajili yake. Orodha haimfundishi mtu kuruka, maana Hill alijua kuruka. Huilinda akili isibebeshwe mzigo wa kukumbuka kila kitu, ipate nafasi ya kufikiri.

Ndugu mwanachuo, kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, jiandikie orodha yako: andalio la somo, zana, chaki, swali la kwanza. Isizidi mistari saba. Kisha mpe mwenzako aisome, nawe uguse kila kitu ndipo ujibu.