Waya Uliwakosea Nini?

DIRISHA LA TATU
Na Mwana wa Nyambene

Jumanne wiki hii, katika afisi moja ya umma mjini Meru, jina la mzee wa kutoka Mitunguu lilijiandika kwenye fomu ya mama ambaye hawajawahi kuonana naye. Mzee alikuwa dirisha la kwanza, mama dirisha la pili, mtoto mgongoni. Karani wa kwanza alimwuliza mzee jina, akalichapa, akatazama skrini. Hakuna kitu. Akachapa tena, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayemwongelesha mgeni asiyejua lugha yake. Bado hakuna. Wakati huohuo karani wa pili alikuwa ameruka kutoka kitini akisema kompyuta yake imeingiliwa na pepo, inaandika peke yake.

Mwana wa Nyambene alikuwa kwenye foleni, bahasha kwapani, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kuwa yeye hukasirika polepole. Jumanne hakuchelewa.

Chanzo cha balaa kilikuwa kizuri kwa macho. Kompyuta mbili mpya zilikuwa zimeletwa, na zile za zamani, zenye kibodi za waya ambazo herufi A na E zilishafutika kwa kuguswa, zikapelekwa stoo. Masanduku meusi yaliingizwa chini ya meza, skrini pana zikapanda juu, na mbele ya kila karani pakawekwa kibodi nyembamba na kipanya kidogo visivyo na uzi wowote. Meza zilipendeza. Hilo halina ubishi. Shida ni kwamba hadi saa tatu asubuhi hakuna raia hata mmoja aliyekuwa amehudumiwa na huo uzuri.

"Subiri kidogo, mzee, mashine ni mpya," karani alisema.

"Sasa ikiwa mpya, binti, si ndiyo inafaa kwenda mbio?"

Swali hilo halikupata jibu hadi jioni.

Kwanza kibodi zilikuwa zimekufa kabisa. Mtu akagundua kwamba kile kiplastiki chembamba kinachozuia betri zisitumike njiani hakikuwa kimevutwa. Kikavutwa, taa ndogo ya kijani ikawaka, watu wa foleni wakashangilia, lakini skrini haikuwa na habari. Akapigiwa simu jamaa wa IT, ambaye huishi Embu kwa sababu ambazo wasomaji wetu wa mtaa wa Dallas, hukohuko Embu, wameombwa mara nyingi wasizieleze tena kwa barua. Maagizo yake yalisikika foleni nzima, maana simu ilikuwa kwenye spika: fungua setingi, bonyeza Bluetooth, ongeza kifaa.

"Nibonyeze na nini," karani akauliza, "na kipanya chenyewe ndicho kimekataa?"

Simu ikanyamaza kidogo. Hapo ndipo ujinga wote wa vifaa hivi ulipo, na haukuanzia Meru. Ili kompyuta mpya ikubali kipanya cha Bluetooth unahitaji kipanya, na ili ikubali kibodi inakuandikia namba kwenye skrini ambayo ni lazima uichape kwenye kibodi hiyohiyo, kisha ubonyeze Enter. Wengi huikodolea namba ile macho wakidhani kompyuta itajijibu. Ndiyo maana fundi mwenye akili hatembei bila kipanya cha waya mfukoni, hata anapokwenda kufunga vifaa visivyo na waya. Bluetooth yenyewe ilipewa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Jina lilipendekezwa mwaka 1997 na kampuni zikaunda muungano wao mwaka 1998. Jina zuri. Ila Harald hakuwahi kuwa na karani, na wazee wetu wa baraza la Njuri Ncheke wangemaliza kesi hiyo kwao Nchiru kabla ya chai ya saa nne.

Lakini hata huyo Harald alisingiziwa bure. Seti za afisi ile hazikuwa za Bluetooth. Zilikuwa za aina ya bei nafuu, inayotumia kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kidude na kibodi huandikishwa pamoja tangu kiwandani. Ukichomeka tu, mambo yanakwenda, hakuna setingi wala namba. Na kidude kilikuwa wapi? Tumboni mwa kipanya, kando ya betri, ambako watengenezaji hupenda kukificha kisipotee njiani. Tangu saa mbili kila mmoja alikuwa amekishika mkononi bila kujua.

Msimamizi alipoambiwa, alifurahi mno. Akachukua vipanya vyote viwili, akavifungua matumbo juu ya meza moja, akatoa vidude vyote viwili, vinavyofanana kama ilivyokusudiwa, akainama chini ya meza na kuvichomeka. Cha huku akakitia kule, cha kule akakitia huku.

Hivyo ndivyo pepo alivyoingia. Vifaa hivi hunena kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na kwa kawaida husikika mita 10 hivi. Madirisha mawili ya afisi ile hayakuachana hata mita 3. Kila kibodi ilikuwa inafanya kazi barabara, ila kwa jirani. Karani wa kwanza alimwandika mzee kwenye fomu ya mama, wa pili akimwandika mtoto kwenye fomu ya mzee. Kwa dakika kadhaa, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali yetu, mzee wa Mitunguu alikuwa na umri wa miezi saba.

Aliyegundua ni mzee mwenyewe. Si kwa utaalamu. Aliliona jina lake. "Madam," alisema akinyosha fimbo, "mimi niko kule."

Mtu yeyote angedhani kisa kimeishia hapo. Badilisheni kibodi, nyinyi wawili, moja ivuke meza ije huku na nyingine iende kule, pamoja na vipanya vyake. Ni kazi ya sekunde. Makarani walishaziinua. Msimamizi akawakataza. Kila kibodi, kila kipanya, ilikuwa imebandikwa kibandiko chenye namba ya rejista ya mali, na namba ile imeandikwa kwa dirisha lake. Mali haihami dirisha bila fomu. Fomu iko ndani ya kompyuta. Kwa hiyo jamaa wa IT aliamriwa apande matatu.

Kutoka Embu hadi Meru ni zaidi ya kilomita 100 za kona: Runyenjes, Thuci, Chuka, Chogoria, Nkubu. Mtu akiwa njiani, watu wa foleni hupata muda wa kujadili taifa, na foleni ile ililijadili vizuri. Mmoja alisema kaunti hizi mbili hazishangazwi na vitu vinavyokataa kuoana, kwa sababu Embu ndiyo iliyoipa Kenya gavana wa kwanza kung'olewa na bunge la kaunti na seneti, Martin Wambora, mwaka 2014, na Meru ikafuata na Kawira Mwangaza mwezi wa Agosti 2024. Mwingine akasema angalau hao walikuwa na waya, maana mahakama iliwahi kuwavuta kurudi kitini. Hoja hiyo haikupigiwa kura.

Kisha stima ikapotea.

Safu hii haijawahi kumaliza mwezi bila kutaja stima, na haitaanza leo. Bwawa la Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968. Kamburu ikafuata mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Kiambere mwaka 1988, yote kwenye Mto Tana unaopita pembeni mwa Mbeere, huko Embu. Umeme unazaliwa kwa jirani yetu, unapita juu ya mashamba ya muguka kwa nguzo ndefu kwenda kuwasha Nairobi, na Meru inabaki kuuliza kama umerudi. Mle afisini kibodi mbili zilikuwa hai, taa zao za kijani zikimetameta gizani, kompyuta ndizo zilizokufa. Bora upungufu huo ungegawanywa sawa.

Jamaa wa IT alifika baada ya saa nane, karibu pamoja na stima. Alisikiliza, akainama, akavibadilisha vidude na kuinuka. Vidude havina vibandiko. Ni vidogo mno, namba ya rejista haitoshei. Sheria ikawa imeheshimiwa, kibodi zikabaki kwenye madirisha yao, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa halali kabisa.

Kijana huyo anajua kazi yake, na lawama za safu hii hazimhusu. Kipanya cha dirisha la pili kilipoanza kurukaruka, hakukitikisa wala kukigongagonga. Alikitoa kidude kwenye tundu la bluu nyuma ya sanduku, kilikokuwa kimebanana na diski ya nje, akakihamishia tundu la mbele, mshale ukatulia. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hilo kwenye waraka wa mwaka 2012: matundu ya USB 3.0, ambayo mengi hupakwa bluu, hutoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye gigahezi 2.4 na kuifunika kibodi inapojaribu kusema. Tiba ni kukiweka kidude mbali kidogo, hata kwa kipande cha waya wa kurefushia. Ndiyo, waya. Ili kifaa kisicho na waya kifanye kazi, kinunuliwe waya.

Akawaambia pia makarani jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote ndani ya boksi: fungua boksi moja, maliza, ndipo uguse la pili. Akaongeza kwamba kidude kikipotea, kwa seti za bei ile, kibodi nayo imekwenda, kwa sababu hakiuzwi peke yake. Kampuni ya Logitech ilijaribu kuponya hilo. Mwaka 2009 ilitoa kipokezi cha Unifying kinachoweza kubeba vifaa 6 kwa mpigo, na mwaka 2021 ikaleta kingine, Bolt. Vipokezi hivyo viwili, vya kampuni moja, havielewani. Anayetaka kucheka, acheke.

Kuna jambo ambalo halichekeshi. Mle dirishani huchapwa namba za vitambulisho, za simu, majina ya watoto. Jumanne foleni nzima ilishuhudia kwamba yanayochapwa kwenye dirisha moja huweza kupokewa kwenye jingine. Mwaka 2016 wachunguzi wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi nyingi za bei nafuu zisizo na waya zilikuwa zikirusha kila herufi hewani bila kuificha, na mtu mwenye kifaa cha bei rahisi angeweza kuzisoma akiwa futi 250 kutoka hapo. Wakauita udhaifu huo KeySniffer. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Futi 250 kutoka dirisha lile ni ng'ambo ya barabara, kwenye miavuli ya mawakala wa simu.

Wenye saiba wanaijua faida ya waya tangu zamani. Mmoja wao mjini Embu, ambaye mashine zake hujaa wanafunzi wa chuo kikuu, na hujaa zaidi ifikapo Juni 30 watu wakikimbizana na ritani za kodi, hana hata kibodi moja isiyo na waya. Zake ni nzito, chafu kidogo, na zimefungwa kwa nyuma ya meza. Hazijawahi kumwandika mteja kwenye fomu ya mwingine. Hazijawahi kuingia kwenye mkoba wa mtu pia. Na hazili betri, tofauti na zile za afisini, ambazo betri zake za AA ni saizi ileile ya saa ya ukutani, redio ya mlinzi na rimoti ya televisheni ya mkubwa. Tutaona zitakaa muda gani.

Kwa nini basi zilinunuliwa? Jibu la safu hii ni lile lile la tangu tulipoandika hapa kisa cha mashine ya kutoa namba za foleni: anayenunua haketi pale. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ina kurasa na kurasa kuhusu zabuni, lakini haimlazimishi anayetia saini kuketi dirishani asubuhi moja na kumwandika mzee wa Mitunguu. Aliona picha ya meza safi, akaipenda. Yeye mwenyewe hutumia simu.

Kwenye kona ya kaunta ya afisi ile, Mwana wa Nyambene aliomba kitabu cha malalamiko na kukiandikia aya mbili kuhusu kibodi. Kalamu ya kitabu hicho imefungwa kwenye kaunta kwa uzi wa katani, fundo mbili, utepe wa gundi juu yake, isije ikabebwa. Ina kibandiko cha rejista pia.