Kabla ya rangi, kitasa

Marekani wapo wanaotunza friji za miaka ya 1950 kama wengine wanavyotunza magari ya zamani. Mpira wa mlango uliokauka hubadilishwa, waya uliopasuka pia, na nyingi bado zinagandisha. Barafu haiyeyuki yenyewe, hivyo friji huzimwa na kuachwa wazi hadi barafu idondoke. Anayeikwangua kwa kisu hutoboa bomba, gesi ikatoka. Na R-12, gesi ya friji nyingi za wakati huo, ilipigwa marufuku kutengenezwa huko kuanzia 1996.

Hayo ni ya fundi. La mzazi ni mlango. Friji hizo hufungwa kwa kitasa cha chuma kinachofunguliwa kwa nje tu. Watoto wakicheza kombolela walijificha ndani ya friji zilizotupwa, mlango ukajifunga. Mpira unaozuia joto huzuia na hewa, na ukuta ule mnene humeza kelele za mtoto; mama anaweza kupita karibu asisikie kitu. Vifo vilizidi hata ikapitishwa sheria mwaka 1956: friji za nyumbani zitakazotengenezwa baada ya Oktoba 30, 1958 lazima zifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Ndipo sumaku iliposhika nafasi ya kitasa.

Kwa hiyo friji ya 1952 inayosubiri fundi gereji ing'olewe kitasa siku ile ile inapoletwa, au mlango mzima, nao uegemezwe ukutani. Skrubu zitiwe kwenye bahasha na kubandikwa ndani ya friji, zisije zikapotea.