Risasi ya mgeni ihesabiwe hadi kambini Rungwa

MEZA YA KATI
Na Yohana Msengi

Kila bunduki ya mgeni anayekuja kuwinda katika Pori la Akiba Rungwa ina namba, na namba hiyo hupelekwa polisi mapema, kabla mwenyewe hajatua nchini. Kampuni iliyomwalika humwombea kibali cha muda na kutaja aina ya bunduki, kaliba yake na idadi ya risasi. Mmarekani huja pia na fomu namba 4457 ya forodha ya kwao, inayoonyesha kwamba bunduki aliondoka nayo nyumbani. Bunduki za kujipakia zenyewe haziruhusiwi kuwindia. Kwa nyati na wanyama wengine hatari kaliba haitakiwi kupungua .375, ili mnyama afe upesi asije akaingia kichakani na kidonda. Hizo ni kanuni nzuri, na anayetaka zilegezwe kwa jina la kuvutia watalii hatanipata upande wake. Ninachodai ni kwamba tumeikazia macho bunduki tukaisahau risasi.

Bunduki ina namba na ina mwenyewe anayeipenda. Aliyeinunua kwa maelfu ya dola hataiacha Manyoni. Risasi haina namba, na mwisho wa safari huwa ni mzigo tu, kwa kuwa mashirika ya ndege humruhusu abiria kilo 5 za risasi na si zaidi. Ndiyo maana katika uwindaji wa kitalii barani Afrika inajulikana desturi ya mgeni kumwachia mwenyeji wake risasi zilizobaki, kama bakshishi. Kwake huo ni ukarimu. Kisheria, amemkabidhi risasi mtu ambaye huenda hana leseni ya bunduki ya kaliba hiyo. Na kaliba zenyewe si za kanga na kwale. Bunduki za .375 na .458 zimetajwa mara kwa mara katika kesi za ujangili wa tembo, na risasi zake si bidhaa ya kuokota gulioni Itigi. Nchi hii ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009; kufikia 2014 walibaki kama 43,000, na ikolojia ya Ruaha na Rungwa ilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Sisemi waliuawa kwa risasi za watalii. Nasema risasi adimu ina thamani kwa jangili, na kila mwanya wa kuipata unastahili kuzibwa hata kama ni mdogo.

Mwanya wenyewe uko kwenye mgawanyo wa kazi. Silaha ni kazi ya polisi, walio chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Pori la Akiba Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951 na lenye kilomita za mraba zipatazo 9,000, pamoja na majirani zake Kizigo na Muhesi, ni kazi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mgeni hukaguliwa uwanja wa ndege mkubwa, kisha mara nyingi hupanda ndege ndogo ya kukodi inayomshusha porini moja kwa moja, bila kupita Singida mjini wala Manyoni. Polisi anajua risasi ngapi zimeingia. Ngapi zimepigwa, anayejua ni askari wa wanyamapori aliyekuwa naye kwenye msako. Tena askari huyo tayari ana kalamu mkononi, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huhesabiwa kuwa ameuawa na hulipiwa. Kuongeza safu moja ya risasi zilizopigwa kila siku, na nakala ikamfikia polisi anayemkagua mgeni akiondoka, hakuhitaji sheria mpya.

Kampuni za uwindaji zitasema huo ni urasimu mwingine, na kwamba mteja atakwenda Afrika Kusini au Namibia, anakojaza fomu akitua na kuendelea na safari. Hoja hii siipuuzi, maana robo ya ada za wanyama wanaowindwa hurudi kwenye halmashauri za wilaya, na Manyoni na Itigi si halmashauri tajiri. Lakini kuhesabu risasi jioni kambini hakumchelewishi mtu uwanja wa ndege hata dakika moja. Safari ya kuwinda simba, ambayo kwa desturi ni ya siku 21, hugharimu makumi ya maelfu ya dola; sijui ni mteja gani wa aina hiyo atakayekimbia kwa kuulizwa risasi zake ziko wapi. Nchini Uingereza mgeni hapati kibali cha bunduki mpaka mkazi wa huko amwombee polisi, na bado watu huenda kuwinda kulungu Scotland.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: silaha za ujangili ni magobore ya vijijini na bunduki za kivita zilizovuka mipaka kutoka Burundi na Kongo, basi kwa nini kumsumbua mgeni? Kwa idadi, ni kweli. Ila ukali wetu umekuwa ukielekea upande mmoja. Mkazi wa Itigi anayetaka leseni ya bunduki huanzia kijijini, akapita kata, akafika kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliitwa kuhakiki silaha zao. Operesheni Tokomeza ya 2013, iliyolenga majangili, iliwaumiza wanavijiji na wafugaji kiasi kwamba ilisitishwa na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Mwaka uliofuata, tuhuma za wageni kukiuka kanuni za uwindaji zilifika bungeni kwa video iliyowasilishwa na Mbunge Peter Msigwa, na Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Lazaro Nyalandu, akaifuta leseni ya kampuni iliyohusika. Umma uliyajua hayo kwa picha. Kumbukumbu za kambini zingepaswa kutangulia.

Wapo watakaonikumbusha kwamba askari wa wanyamapori analala kambi ya kampuni, anakula chakula chake, na anaweza kuandika atakavyoambiwa. Anaweza. Ndiyo maana hesabu yake isiishie kwake: isainiwe pia na mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni, ambaye ana leseni ya kupoteza, kisha ilinganishwe uwanja wa ndege na risasi zinazoondoka. Mgeni aliyeingia na 60, akapiga 25, aondoke na 35, au azisalimishe polisi kwa stakabadhi.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai Mosi. Wizara hizi mbili zikae meza moja kabla ya tarehe hiyo, na zianzie na vitalu vya Rungwa.